Mkurugenzi Aliyekubali Ombi la Tatu

Risala ina mifupa yake, na mtu anayeijua mifupa hiyo hawezi kukosa mwaliko mkoani Geita. Unaanza na salamu kwa kufuata vyeo, kutoka juu kushuka chini. Inafuata historia fupi, ambayo huwa ndefu, halafu mafanikio, changamoto, na baada ya changamoto, maombi. Mgeni rasmi naye ana wajibu wake. Akisimama lazima ayajibu maombi yale moja baada ya jingine mbele ya watu, hata kama jibu lenyewe ni kwamba amelipokea na atalifikisha panapohusika. Asiyejibu huhesabiwa kuwa amekula pilau ya watu bure.

Scolastika aliijua mifupa hiyo kuliko mtu yeyote mjini. Alizaliwa Maganzo, binti wa mchimbaji aliyetafuta almasi kwa miaka thelathini na kupata kiasi cha kumfanya aendelee kutafuta. Baba yake hakujua kuandika. Binti akiwa na miaka kumi ndiye aliyekuwa akimwandikia barua kwa mwenye kitalu, za kuomba msimu mmoja zaidi, na alipofika darasa la tano alikuwa akiandikia mtaa mzima. Hapo ndipo alipogundua kwamba mtu anayekaribia kukunyima kitu lazima kwanza asifiwe.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na saba, na kwa miaka kumi na minne alikuwa katibu muhtasi wa shirika la Jikwamue. Shirika lilikuwa na ofisi Geita mjini, ukumbi wa semina wenye mapazia ya zambarau, na lengo la kuwafundisha wachimbaji wadogo kuosha dhahabu bila zebaki. Lilifundisha bila kuchoka na matokeo yalionekana. Wachimbaji wa Rwamgasa walikuwa wanayajua madhara yote ya zebaki kwa mpangilio, kuanzia mikono kutetemeka hadi figo, na waliyasimulia vizuri sana huku wakiitumia.

Baada ya saa za kazi, Scolastika aliazimwa na mji. Alikuwa amewaandikia risala za kuagwa walimu wakuu kumi na mmoja, mapadri wawili, shehe mmoja aliyekuwa akienda Maka, na meneja mmoja wa ghala ambaye baadaye ilibainika kwamba hakuwa amehamishwa bali alikuwa anatafutwa. Katika risala zote hizo, kwenye sehemu ya maombi, mahali pa mwisho kabisa, palikuwa na aya ileile: laiti ingekuwa katika uwezo wetu, tungekuomba usituache, ubaki nasi, uendelee kutulea. Aya hiyo ilikuwa na kazi yake. Ikifika hapo akina mama wanafuta machozi, mpiga picha anasogea mbele, na wapishi nyuma ya ukumbi wanajua kwamba ni wakati wa kufunua masufuria. Kati ya wote walioombwa kubaki, hakuna aliyebaki. Wengi waliondoka alasiri ileile.

Ndipo ikafika zamu ya Sostenes Mageni.

Mageni alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Jikwamue na, kwa miaka kumi na saba, wa pekee. Alikuwa mwenyeji wa Ushetu, mtu mrefu mwenye sauti ya kusomea masomo ya kanisani, ambaye hakutia sahihi karatasi yoyote kabla ya kuisoma hadi chini, hata ikiwa ni orodha ya sukari na majani ya chai. Geita aliishi kwenye vyumba viwili vya kupanga. Mke wake, Mama Eliya, alikaa Ushetu akilima tumbaku, naye Mageni alikwenda huko Krismasi, Pasaka na kwenye misiba. Alikuwa pia mwandishi wa Mwongozo wa Kuachiana Uongozi, kitabu cha kurasa arobaini na mbili kinachoeleza kwamba kiongozi bora ni yule anayejua kuondoka. Mashirika mengine ya kanda yalimwalika aje kuwafundisha, naye alifundisha vizuri hadi wakurugenzi wawili wakajiuzulu.

Alipofikisha miaka sitini na sita, bodi ilimkumbusha ukurasa wa tisa wa Mwongozo wake. Alikubali bila kinyongo. Akatafutwa mrithi, akapatikana Aneth kutoka Mwanza, mwanamke wa miaka thelathini na minane mwenye kompyuta mpakato mbili na mazoea ya kuanza kikao saa iliyoandikwa kwenye barua. Ikaundwa kamati ya maandalizi, na risala, kama kawaida, akapewa Scolastika.

Jumamosi ya kuaga, watu mia tatu walikuwa wamekaa ukumbini saa nne asubuhi. Akina mama wa Rwamgasa walikuja na dume la ng'ombe la zawadi, wakalifunga nyuma ya ofisi. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, alikuwa mezani, amesimama, na limau mdomoni. Kitu kimoja tu kilikosekana. Mgeni rasmi aliyealikwa alikuwa amepata dharura.

Kamati ilikutana nyuma ya jiko kwa dakika saba. Sherehe bila mgeni rasmi haiwezekani, kwa sababu hakuna wa kusomewa risala, na risala isiyosomewa mtu ni kelele. Walipowahesabu watu wenye hadhi waliokuwemo ukumbini, mwenye hadhi ya juu kuliko wote alikuwa ni yule anayeagwa. Ikaamuliwa kwamba Mageni awe mgeni rasmi katika kuagwa kwake mwenyewe. Wajumbe walinyoosha mikono. Baadaye Scolastika alipojaribu kukumbuka nani aliunyoosha wa kwanza, alikumbuka, na akaacha kujaribu.

Alisoma risala vizuri. Ombi la kwanza lilikuwa eneo la mafunzo kule Rwamgasa, la pili gari jipya, na la tatu ile aya. Akina mama wakafuta machozi. Mpiga picha akasogea. Mageni alisimama, akaikunja karatasi yake ya hotuba na kuitia mfukoni, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Ombi la kwanza, la eneo la mafunzo, nimelipokea na nitalifikisha panapohusika," alisema. "Ombi la pili, la gari, liko kwa wafadhili, tuendelee kuomba uzima. Ombi la tatu." Hapo akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Ombi la tatu liko ndani ya uwezo wangu. Nimelikubali."

Vigelegele vikapigwa, kwa sababu mahali pale hupigwa vigelegele. Aneth, aliyekuwa meza kuu na shada la maua la kukaribishwa mapajani, alipiga makofi kwa kuwa wote walipiga, na alipofika kofi la tatu ndipo mikono yake ikasimama hewani. Mwenyekiti wa bodi, Mwalimu Bartholomeo, mstaafu aliyefundisha shule za msingi kwa miaka thelathini na minane, alimtazama Scolastika kama alivyokuwa akimtazama mtoto aliyeandika jambo baya ubaoni. Wapishi wakafunua masufuria.

Ratiba haikuwa na kipengele cha tukio kama hilo, kwa hiyo iliendelea kama ilivyochapwa. Mageni alikata keki iliyoandikwa Kwaheri Mkurugenzi, akalishwa na kulisha. Alipokea blanketi, picha yake mwenyewe kwenye fremu, na dume. Kila kitu alikishukuru kwa unyenyekevu, na jioni akaenda kulala kwenye vyumba vyake viwili.

Jumatatu Aneth alifika saa mbili kamili akamkuta kwenye kiti. Mageni alimpokea kwa heshima kubwa, akamwonyesha meza kwenye ukumbi wa semina, chini ya bango la figo, na kumwambia asiwe na haraka. Kazi atamfundisha polepole, miaka miwili, mitatu. Aneth alikuwa msomi wa uongozi lakini alilelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri hajui la kumjibu mzee anayempa kiti.

Wafanyakazi tisa wa Jikwamue walijipanga kadiri walivyoweza. Chai ilipelekwa na watu wawili kwa wakati mmoja, vikombe viwili, pande mbili, ili isijulikane ni yupi aliyetangulia kupewa. Sabiti, dereva, alipopata maagizo mawili tofauti ndani ya nusu saa, alitoa ndoo na sabuni akaosha gari kutwa nzima, kwa hoja kwamba gari lenye povu halina bosi. Nyuma ya ofisi dume lilimaliza maua ya Krismasi na kuanza mchaichai.

Jioni Mwalimu Bartholomeo alimwita Scolastika barazani. Alimweleza hali ilivyo bila kupandisha sauti. Bodi haiwezi kumfukuza mzee kwa kosa la kukubali kile alichoombwa mbele ya watu mia tatu. Kumwambia kwamba lile halikuwa ombi ni kuwaambia watu mia tatu kwamba walilia uongo. Lakini mikataba ya wafanyakazi wote inaisha Ijumaa, mwisho wa Machi. Wafadhili wameshapelekewa jina la Aneth, na sahihi watakayoitambua ni yake peke yake. Aneth naye ametamka wazi kwamba hatatia sahihi chochote akiwa amekaa chini ya figo. Ametamka hivyo, kisha ameuliza risala iliandikwa na nani.

"Mama Noela," akamalizia, "wewe ndiye uliyemwomba abaki."

"Niliomba kwa niaba ya wafanyakazi wote, Mwalimu."

"Basi kwa niaba ya wafanyakazi wote, mwombe aondoke. Una hadi Ijumaa. Aneth akikaa kwenye kile kiti, mikataba inatiwa sahihi. Asipokaa, hakuna mkataba, na hata ya wengine ikija baadaye, wa kwako sijui kama utakuja."

Scolastika alikuwa na nyumba Nyankumbu iliyofika kwenye lenta, bado bila paa. Nyumba ikisimama hapo mwenye kazi huiita nyumba inayojengwa, na asiye na kazi huiita zizi la mbuzi wa jirani. Alikuwa pia na binti, Noela, mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Mambo yote mawili yalikuwa yanategemea karatasi moja yenye sahihi ya Aneth.

Jumanne aliketi kumwandikia Mageni barua ya kumwomba aondoke. Hakuweza. Miaka thelathini na saba ya kuandikia watu ilikuwa imempa maneno ya kusifu kila aina ya binadamu, lakini hakuwa na hata aya moja ya kumwambia mtu nenda. Rasimu ya kwanza ilianza na mafanikio ya Mkurugenzi, ikanoga, ikafika kurasa tatu. Alipoisoma aliona kwamba Mageni akiipata atakaa miaka mingine mitano. Akaichana. Rasimu ya pili ilikuwa fupi, nayo ilitoka kama barua ya kumfukuza mlinzi. Akaichana nayo.

Jumatano asubuhi aliamua kwenda kusema kwa mdomo. Aligonga, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba na kuambiwa akae. Kabla hajafungua kinywa, Mageni alitoa kwenye mfuko wa shati karatasi zilizokunjwa. Ilikuwa risala. Aya ya ombi la tatu ilikuwa imepigiwa mstari kwa rula.

"Mama Noela, nakala hii nitaitunza," alisema. "Nimefanya kazi tangu nina miaka ishirini na miwili. Serikalini nilihamishwa mara tano. Kila nilipohama walininunulia soda, wakanitakia safari njema. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nibaki. Ninyi mmeniambia, tena kwa maandishi."

Scolastika alitaka kumweleza kwamba maneno hayohayo, pamoja na nukta zake, aliyapata meneja wa ghala anayetafutwa hadi leo. Badala yake alisikia mdomo wake ukiuliza, "Na Mama Eliya nyumbani anasemaje?"

"Hajasema kitu."

"Hajapiga simu?"

"Anapiga. Juzi aliuliza kama huku kuna mvua." Mageni aliikunja risala kwa kufuata mikunjo yake ya zamani. "Mama Eliya ana shamba lake, ana vibarua wake, mambo yake yanakwenda. Mimi nikifika pale wananitolea kiti cha wageni, kile chenye kitambaa."

Scolastika alitoka bila kusema lililompeleka. Katika maisha yake yote ya uandishi alikuwa amepata msomaji mmoja aliyeamini kila neno, na kazi yake ya kuajiriwa ilitegemea kumwondoa huyo. Kisha akaenda ukumbi wa semina kuomba gari.

"Sina mamlaka juu ya gari," Aneth alimjibu bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Lakini pia sikai upande wa dirisha. Likitoka, mimi sitaliona."

Sabiti aliendesha hadi Kahama na kuingia Ushetu, akilalamika njia nzima kwamba gari alilolisafisha kwa siku mbili sasa linakwenda kuvishwa vumbi. Walifika alasiri. Nyuma ya nyumba mabani mawili ya kukaushia tumbaku yalikuwa yakitoa moshi, na kati yake alisimama mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira na koti la kiume, akimweleza kibarua jinsi kuni zinavyopangwa na watu wenye akili. Huyo ndiye Mama Eliya. Scolastika alimsalimu kwa Kisukuma, mwadila mayu, kisha akaongeza shikamoo juu yake kwa usalama.

Mama Eliya aliitikia zote mbili. Hakuhitaji kuelezwa sana. Eliya, mtoto wao aliye Dodoma, alikuwa amemtumia video ya sherehe kwenye simu, naye ameitazama mara nne. Aliwakaribisha wageni viazi na maziwa, akangoja wamalize, ndipo akaanza.

"Ile barua uliandika wewe?"

"Risala, mama. Niliandika mimi."

"Ulitaka abaki?"

"Hapana, mama. Ni utaratibu."

"Utaratibu wa kumwomba mtu kitu usichokitaka."

"Ndiyo, mama."

"Sisi hapa hatuna huo," alisema Mama Eliya, akainuka, akaenda kutazama moto, akarudi.

Kidogokidogo mengine yakatoka. Chumba cha mbele, kilichokuwa stoo ya tumbaku, alikuwa amekiondolea mizigo na kukipaka chokaa kwa mikono yake. Alikuwa amenunua godoro. Jumapili alimchinja jogoo akakaa kumsubiri mtu asiyefika, na Jumatatu akapiga simu, na kwa kuwa hakujua aanzie wapi, aliulizia mvua.

"Mama, wewe uliwahi kumwomba arudi?" Scolastika aliuliza.

Mama Eliya alimtazama kana kwamba ameulizwa kama aliwahi kuliomba jua litoke. "Nyumba ni yake. Nimwombe mtu arudi kwake?" Moshi ulipita kati yao. "Nilidhani anajua."

Mkono wa Scolastika, kwa mazoea, ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba na kutoka na kalamu. "Nikuandikie, mama? Maneno machache tu ya kugusa. Nitampelekea mimi."

"Weka kalamu. Umeshaandika ya kutosha. Nitakuja mwenyewe."

Lakini hakuja siku ile, wala kesho yake. Bani likishawashwa haliachwi; moto ukishuka kabla uti wa jani haujakauka, tumbaku ya msimu mzima inageuka mboga. Mama Eliya alieleza kwamba anao vibarua wawili, na kwamba wakiwa wanne kazi itakwisha Alhamisi jioni. Kisha akawaangalia wageni wake. Katibu muhtasi wa Jikwamue na dereva wake walipitisha Alhamisi nzima wakibeba magogo, na Sabiti, ambaye katika miaka tisa ya kazi hakuwahi kubeba hata faili, aligundua kwamba mkataba nao unaweza kupiganiwa kwa mgongo.

Ijumaa kulipopambazuka waliondoka. Saa nne na robo gari liliingia ofisini Geita. Mwalimu Bartholomeo na Aneth walikuwa barazani, wamekaa kwenye benchi la wageni. Mama Eliya, aliyevaa kitenge chake kizuri na bado akinuka moshi, aliwasalimu, akauliza mlango, akaingia bila kugonga. Mlango ulibaki wazi. Ghafla kila mfanyakazi alikuwa na faili la kutafuta kwenye ujia.

Mageni alisimama. Alimkaribisha, akamsogezea kiti, akaulizia watoto na njia. Mama Eliya hakukaa.

"Baba Eliya, nimekuja kukuomba urudi nyumbani."

Mazoea ya miaka kumi na saba hayaondoki kwa sentensi moja. "Nimelipokea," alisema Mageni, "na nitalifikisha..."

"Usilifikishe popote. Sabiti hajazima gari."

Mageni alimtazama mkewe, kisha akamtazama Scolastika aliyekuwa mlangoni na vidole vimejaa vibanzi. "Unaniomba wewe, au umetumwa?"

"Huyu alitaka kuniandikia, nikamkatalia. Chumba nimekipaka chokaa. Bani la chini limepasuka, vibarua wanapanga fito ovyo, na mimi magoti hayapandi tena." Alipumua. "Lakini hata lisingepasuka ningekuja. Nimechoka kula peke yangu."

Kwenye ujia mafaili yote yalikuwa yameshapatikana na hakuna aliyeondoka. Mwalimu Bartholomeo aligeukia ukutani na kuanza kusoma tangazo la usafi wa choo, na alilisoma kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote kabla yake.

Mageni alivaa miwani. Alimwita Aneth, akamshika mkono, akamkalisha kwenye kiti, akamwonyesha kwamba mguu mmoja wa kiti hicho una tatizo na kwamba dawa yake ni kuegemea kushoto. Alisema maneno machache ya makabidhiano yaliyochukua dakika kumi na moja, ambayo kwa Mageni ni sawa na kupunga mkono. Kisha akachukua picha yake na blanketi lake. Dume lilipandishwa kwenye fuso lililokuwa likirudi Kahama tupu.

Alipokuwa ameshaketi kwenye gari, alishusha kioo.

"Mama Noela. Lile ombi la tatu. Ulimaanisha?"

Majibu mazuri yalimjia Scolastika kwa wingi, yote yakiwa na vituo vyake, na aliyaacha yapite.

"Nilipoandika sikumaanisha, Mkurugenzi. Niliandika kwa mazoea. Ila nikikutazama hapo ulipokaa naanza kumaanisha, kwa hiyo nenda upesi."

Mageni alicheka. Wafanyakazi walijadiliana baadaye kama kile kilikuwa kicheko, kwa kuwa hawakuwa na cha kulinganishia. Gari likaondoka.

Saa kumi jioni Aneth aliita mikataba. Alitia sahihi minane mfululizo. Wa tisa aliusoma kutoka mwanzo.

"Wewe ndiye wa risala."

"Ndiyo, Mkurugenzi," alisema Scolastika, na neno lile lilitoka kumwendea mtu mwingine kwa urahisi ambao ulimtia haya kidogo.

"Siku ukiniandikia mimi, usiniombe kitu ambacho hutaki nikupe."

"Sitaomba, Mkurugenzi."

Aneth akatia sahihi, akanyoosha mkono bila kutazama. "Mhuri."

Droo ilifunguliwa. Ikafunguliwa ya pili. Katika nchi hii karatasi isiyo na mhuri ni hadithi tu, na wote waliokuwepo walisimama wakitazama droo tupu huku wakikumbuka, mmoja baada ya mwingine, kwamba kwa miaka kumi na saba mhuri wa Jikwamue haukuwahi kukaa kwenye droo. Ulikaa kwenye mfuko wa ndani wa koti la Mageni, upande wa moyo.

Scolastika alipiga simu Ushetu, akaweka sauti ya nje. Mama Eliya alipokea. Ndiyo, mhuri upo. Ameukuta alipokuwa anatundika koti, akadhani ni dawa ya kifua. Nyuma yake ilisikika sauti ya kanisani ikisema kwamba pasiwe na wasiwasi, ataupeleka yeye mwenyewe Jumatatu, na akishafika huko si vibaya akamwelekeza Bi Aneth mambo mawili matatu yaliyobaki.

Aneth, aliyekuwa amenyanyuka, alikaa tena haraka na kushika mikono yote miwili ya kiti.

"Mama," alisema Scolastika kwenye simu, na safari hii hakutafuta neno. "Tunakuomba usimruhusu."

"Haendi popote," alijibu Mama Eliya. "Yuko juu ya bani, na ngazi nimeondoa."

Mhuri ulifika Jumamosi mchana kwa basi la Kahama, mikononi mwa kondakta, umefungwa ndani ya jani kavu la tumbaku. Scolastika aliupokea stendi, akaenda ofisini akiwa na kanga na malapa, akaupiga kwenye mikataba minane. Kwenye wa tisa aliupiga mara mbili, akaupulizia hadi wino ulipokauka, ndipo akaenda Nyankumbu kuwafukuza mbuzi.